Barua Ambayo Mwalimu Haddix Hakuombwa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto, uje usogee karibu na redio. Leo ni tarehe kumi na tisa Oktoba. Mwaka mmoja umetimia tangu Mwalimu Ellis Haddix alipotutoka. Alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika nyumba ile ile aliyozaliwa. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Wengi wenu mnamjua. Alifundisha kemia katika chuo chetu cha huku mlimani kwa miaka thelathini na minne. Ukienda kliniki kesho kupimwa kifua, huyo daktari atakayekuwekea kile chuma cha baridi mgongoni alipita mikononi mwake. Vijana ishirini na saba wa milima hii walikwenda kusomea udaktari wakiwa na barua iliyoandikwa na Mwalimu Haddix. Ishirini na saba. Leo nitawaeleza habari za mwalimu, na nitawaeleza habari za binti aliyepaswa kuwa wa ishirini na nane. Barua yake haikuandikwa.

Nimeomba ruhusa kwa wote wanaohusika kabla ya kusema haya. Wamenikubalia. Bi Gene, dada wa marehemu, ameniambia, "Sema yote, na mimi unitaje."

Basi tuanze mwanzo.

Ellis Haddix alizaliwa juu kabisa kwenye bonde la Lick Branch, pale njia ya gari inapoishia na njia ya nyumbu wa kubeba mizigo inapoanza. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Watoto walikuwa wanne. Wawili walichukuliwa na dondakoo ndani ya wiki moja, na daktari alifika siku ya maziko. Walibaki Ellis na mdogo wake Imogene, huyo tunayemwita Bi Gene, aliyepika katika shule ya msingi miaka mingi na kuwafokea watoto wenu wamalize maharage.

Ellis alikuwa na miaka tisa alipomwona daktari yule akishuka kwenye nyumbu, amechelewa, anafuta miwani. Siku hiyo akamwambia mama yake kwamba yeye atakuwa daktari na atakaa karibu. Mama akamwambia akachote maji. Lakini hakusahau.

Alisoma. Akaenda vitani, akarudi. Akamaliza chuo huko tambarare kwenye miji mikubwa, akaomba nafasi ya kusomea udaktari. Akaitwa kuhojiwa. Sasa sikilizeni vizuri, maana mengine yote yanatokea hapa.

Waliketi wazee watatu kwenye meza ndefu. Mmoja akafungua barua. Ilikuwa imetoka kwa profesa wa Ellis. Ellis hakuwahi kumwomba profesa huyo barua, wala hakujua kama ameandika. Yule mzee akaisoma kwa sauti, akiamini anamfurahisha kijana. Barua ilisema kwamba kijana huyu anatoka kwa watu wasiovaa viatu, na kwamba wakimpokea watakuwa wametoa sadaka.

Ellis alisimama. Akawashukuru. Akachukua kofia yake, akatoka. Walikuwa tayari kumpokea, wasikilizaji wapendwa. Alikuja kujua baadaye. Lakini aliondoka.

Bi Gene anakumbuka alivyofika nyumbani. Anasema, "Alikuwa na kofia mkononi. Hakuivaa njia nzima. Akaniambia, 'Gene, wameniita sadaka.' Halafu akaenda kupasua kuni. Akapasua, akapasua, mpaka baba akamnyang'anya shoka."

Hakuomba tena. Akawa mwalimu wa kemia. Na siku ya kwanza ya kufundisha akaweka sheria mbili, akazishika mpaka kufa. Ya kwanza, hamwandikii barua mwanafunzi ambaye hajamwomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ya pili, akishaandika, humkalisha mwanafunzi na kumsomea barua yote kabla ya kuifunga, hata kama fomu za chuo zinataka iwe siri.

Daktari Ritchie wa kliniki ni mmoja wa wale ishirini na saba. Anasimulia akicheka, ingawa siku hizi kicheko hakifiki mbali. "Alinisomea yangu. Ameandika kwamba asubuhi mimi ni mvivu, ila jioni sichoki. Nikamwambia, mwalimu, hilo la uvivu tulifute. Akaniuliza kama ni uongo. Nikasema si uongo. Akalamba bahasha, akaifunga."

Nieleze kidogo jambo hili la barua, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Kijana akitaka kuwa daktari, hapelekwi moja kwa moja kusomea udaktari. Kwanza anasoma miaka minne ya chuo cha kawaida: kemia, biolojia, hesabu. Halafu ndipo anaomba kuingia chuo cha udaktari. Huko hawaangalii alama peke yake. Wanataka barua za walimu waliomfundisha, waseme huyu ni mtu wa namna gani. Chuo cha udaktari cha jimbo letu kilitaka barua tatu. Mbili lazima ziwe za walimu wa sayansi. Mwisho wa kupokelewa ni tarehe mosi Novemba. Barua tatu, mbili za sayansi, tarehe mosi Novemba. Shikeni hilo.

Sasa huyu binti.

Anaitwa Corda Sizemore, wa bonde la Big Willow. Ni binti wa Denver Sizemore, aliyeacha machimbo akiwa na miaka arobaini na minne kwa sababu ya vumbi la makaa mapafuni. Denver analala ameketi kwenye kiti. Corda akiwa na miaka kumi na miwili alianza kumwekea baba yake kiganja mgongoni, ahesabu pumzi. Hakuna aliyemfundisha. Na hakuna aliyemuuliza atakuwa nini akikua, maana ilionekana.

Alipoingia chuo alikaa nyuma kabisa. Alipata alama nzuri na hakusema neno. Mlangoni kwa kila mwalimu palibandikwa karatasi ya saa za kupokea wanafunzi. Corda alipita hapo, akaona wenzake wameketi ndani wanacheka na walimu, wanawauliza habari za mbwa wao na bustani zao, akaenda zake maktaba. Kwao kitu hicho kilikuwa na jina. Kinaitwa kujipendekeza. Baba yake alichekwa miaka yote machimboni kwa kukataa kumbebea msimamizi ndoo ya chakula, na nyumba nzima ilijivunia.

Mwezi wa pili tangu Corda aanze chuo, Mwalimu Haddix akarudisha mitihani. Juu ya karatasi ya Corda, pembeni ya alama, aliandika neno moja: Njoo.

Corda hakwenda. Alikaa wiki tatu akifikiri amekosa kitu. Alipokwenda mwishowe alisimama mlangoni na koti limefungwa vifungo vyote.

"Umeniita unigombeze, mwalimu?"

"Wewe ndiye uliyekuja," akasema Mwalimu Haddix. "Mimi nimekaa tu."

Akampa kazi ya kuosha vyombo vya maabara. Mirija, chupa, vile vikombe vya kioo. Alijua watu wa Big Willow hawakai bure kwenye chumba cha mtu, lakini wakipewa kazi watakaa siku nzima. Basi Corda akaosha, na mwalimu akazungumza. Siku moja alivunja chupa ya shingo ndefu, akaficha vipande kwenye koti. Mwalimu akamwambia bila kugeuka kwamba koti lake linalia kama kengele ya kanisa, na kama anataka kuiba, aibe nzima.

Akamwekea sharti. Kila Ijumaa aje na swali moja. Asiwe amelitoa kitabuni. "Bila swali usiingie. Daktari asiyeuliza anaua watu." Corda akawa anakuja na swali. Kwa nini damu ya mtu anayekosa hewa inakuwa nyeusi. Kwa nini baba yake anapumua vizuri zaidi mvua ikinyesha. Miaka mitatu, kila Ijumaa. Akifika mapema mwalimu humtania, "Wewe binti, umekuja na swali au umekuja kuota moto?"

Walizoeana hivyo. Alimjua alivyo. Alijua anavyokunja uso akikosea, anavyorudia kazi bila kuambiwa, anavyonyamaza akiumia.

Wenzake wakamwita kipenzi cha Haddix. Yeye hakujali. Lakini kwa walimu wengine hakwenda. Profesa Lindholm wa biolojia, yule mama mrefu aliyetoka kaskazini kwenye maziwa, alimfundisha Corda madarasa mawili, na Corda hakuwahi kuvuka kizingiti cha ofisi yake. Aliona mwalimu mmoja anayemjua anatosha. Mwalimu wa fizikia alimjua kidogo, na barua yake ilishakuja mapema. Ya mchungaji pia. Ilibaki moja ya sayansi. Ilibaki ya Mwalimu Haddix.

Mwezi wa Agosti mwaka jana mwalimu aliona nguo zinampwaya. Akaenda kupimwa. Ilikuwa kansa ya kongosho. Daktari Ritchie ndiye aliyemwambia, mwanafunzi wake mwenyewe. Anasema mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ameieleza vizuri ila amezungumza haraka mno, na kwa mgonjwa mwingine aende polepole.

Septemba alifundisha siku nane. Ya tisa hakuweza kupanda ngazi. Akarudi Lick Branch, Bi Gene akamtandikia chumba cha mbele karibu na jiko la kuni.

Jumamosi ya kwanza Corda alifika mchana na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi umefungwa kwenye kitambaa. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na fomu ya chuo cha udaktari, ile anayojaza mwalimu anayeandika barua, imekunjwa mara nne. Alikuwa amejiandaa. Alifanya mazoezi ya maneno njiani, kwa sauti, mpaka ng'ombe wa watu wakamwangalia.

Akaingia, akamwona. Wiki moja tu tangu aache kufundisha, na uso umebaki mifupa. Mwalimu akaonja kijiko kimoja, akasema chumvi hii inatosha kukausha nguruwe mzima. Corda akacheka. Akaosha vyombo. Akatoka na fomu ikiwa bado mfukoni.

Alipofika nyumbani akamweleza baba yake kwamba alikusudia kuomba na hakuomba. Denver akampa jibu ambalo ungelisikia kwenye nyumba yoyote ya huku. "Ukipeleka chakula kwa mgonjwa, unarudi na sufuria yako tupu, basi. Usimpelekee mtu maharage mkono huu na karatasi mkono huu. Ataona umekuja kununua."

Na nyinyi mnajua, wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo tulivyo. Mtu akiwa kitandani hatumwombi kitu. Tunampelekea. Ukimwomba baada ya kumhudumia, umegeuza huduma kuwa biashara. Corda alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Jumamosi ya pili akaja na supu ya kuku. Jumamosi ya tatu akaja na keki ya tufaha kavu. Na kila alipokuja, kuomba kukawa kugumu zaidi, maana sasa alikuwa ameshatoa zaidi. Fomu ikawa imechakaa kwenye mikunjo.

Upande wa pili alikuwako mwalimu.

Hapa ndipo Bi Gene ameniomba nimtaje. Anasema hivi. "Kaka yangu alikuwa akijinyoa Jumamosi tu. Siku nyingine hakuwa na nguvu. Wiki ya tatu akaniambia nisogeze ile meza yenye taipureta hapo karibu na kitanda. Nikafikiri anataka kuandika. Hakuigusa. Alitaka binti aione."

Corda aliiona. Akaipangusa vumbi. Na Jumamosi iliyofuata, akiona mwalimu hana pa kuweka dawa na maji, aliinyanyua ile taipureta kwa mikono yote miwili, akaipeleka chumba cha nyuma. Mwalimu alimtazama anavyoibeba mpaka akatoka nayo mlangoni.

Bi Gene alikuwa jikoni anamenya viazi. Anasema, "Niliona. Nilijua anachongoja kaka yangu. Nilijua na binti anataka nini, maana karatasi ilikuwa inachungulia mfukoni. Nikajiambia, Imogene, hayo si yako. Nikaendelea kumenya viazi."

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mwalimu asiandike tu? Alimpenda yule binti. Alijua tarehe. Kwa nini asiandike? Nilimuuliza Bi Gene. Akasema naye alimuuliza kaka yake swali hilo hilo. Akamjibu kwamba aliwahi kuandikiwa barua asiyoiomba, na bado anaisikia.

Basi ikafika Jumamosi ya mwisho. Tarehe kumi na sita Oktoba. Mchana, mvua nyembamba. Zilibaki siku kumi na sita kufika tarehe mosi Novemba. Mwalimu alikuwa hali chakula tena. Corda alileta mchuzi mwepesi, akamlowanisha midomo kwa kijiko. Akaketi.

"Leo si Ijumaa," akasema Mwalimu Haddix, "lakini niulize kitu."

Corda akafikiri. Akamuuliza kama anasikia maumivu.

"Ndiyo, nasikia. Uliza kingine."

Akamuuliza kama anataka mto uinuliwe.

"Corda." Hakuwa akimwita kwa jina. Alimwita wewe binti, siku zote. "Huna jambo lako la kuniambia?"

Mkono wa Corda ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Amenieleza mwenyewe. Anasema alikuwa ameishika ile fomu kwa vidole viwili. Aliangalia shingo ya mwalimu, ilivyokuwa nyembamba kwenye ukosi wa shati. Akaona ni aibu kubwa, mtu anakufa na wewe unamletea mambo yako.

"Sina, mwalimu," akasema. "Nimekuja kuosha vyombo tu."

Mwalimu akafumba macho. Akasema, haya, sabuni ipo juu ya dirisha.

Jumatatu Mwalimu Haddix alimwita dada yake. Nataka msikilize vizuri alichosema, kwa sababu kwa mtu kama yeye lilikuwa jambo zito. Alisema, "Gene, nimeshindwa. Jumamosi nitamuuliza mimi. Nitamwambia aniombe."

Bi Gene akamwambia kwa nini tungoje Jumamosi, mtoto wa jirani ana gari, aende Big Willow sasa hivi amlete. Mwalimu akakataa. Alijua Corda ana mtihani Jumatano. Kwa taratibu zake mwanafunzi hasumbuliwi kabla ya mtihani. Akasema Jumamosi si mbali.

Jumanne, saa nne asubuhi, alifariki.

Tulimzika Ijumaa. Mnakumbuka matope ya siku ile, na wale madaktari wenye viatu vizuri waliobeba jeneza wakiteleza mlimani. Baada ya maziko nyumba ilijaa watu na vyakula. Corda alikuwa jikoni, kama kawaida yake, kwenye beseni la vyombo. Bi Gene akaingia, akafunga mlango, akamwambia yote. Alimwambia sababu ya taipureta. Alimwambia habari ya Jumatatu.

Corda hakulia. Bi Gene anasema aliosha sufuria moja mara tatu. Kisha akauliza, "Alikuwa anangoja mimi?"

Bi Gene akamwambia ndiyo.

"Na mama ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

Akaweka sufuria chini. Akavaa koti. Akarudi Big Willow kwa miguu, maili tano.

Siku ya pili walitafuta pamoja, wao wawili. Droo zote, vitabu vyote. Nasema haya waziwazi kwa sababu kuna maneno yanazunguka madukani kwamba barua ilikutwa chini ya godoro. Hapana. Haikukutwa, kwa sababu haikuandikwa. Ukimsikia mtu anasema ilikutwa, mwambie umesikia redioni kwamba si kweli.

Zilibaki siku tisa. Barua ya pili ya sayansi haikuwepo. Jumatatu Corda akaenda ofisini kwa Profesa Lindholm. Hakuwa amewahi kuingia. Alisimama katikati ya chumba, akasema maneno yote aliyokuwa ameyafanyia mazoezi kwa ajili ya mtu mwingine. Alisema, naomba uniandikie barua ya chuo cha udaktari.

Profesa Lindholm si mtu mbaya. Nilipozungumza naye alinipa kiti na chai. Alimwambia Corda aketi. Akamwambia amsaidie kidogo, amweleze yeye ni nani.

Corda akasema, "Nilipata alama ya juu madarasa yako yote mawili."

"Alama ninazo hapa. Nakuuliza wewe."

Miaka mitatu Corda alikuwa amejieleza kwa mtu mmoja, kidogo kidogo, huku akiosha chupa, na hata huko hakujua kwamba anajieleza. Utaanzaje kumwambia mtu mgeni habari ya kiganja mgongoni mwa baba yako? Akasema anaishi Big Willow. Akasema anafanya kazi kwa bidii.

Profesa aliandika siku hiyo hiyo, barua ikafika kabla ya tarehe. Aliandika alichokijua. Ilikuwa mistari minne. Amekiri kwangu kwamba aliisoma mwenyewe akaona haina mtu ndani yake. "Nilikuwa na wanafunzi mia na arobaini," aliniambia. "Angekuja mara tatu tu kwa mwaka. Mara tatu."

Februari jibu lilikuja. Chuo cha udaktari kilisema alama zinaridhisha, lakini barua hazikuwasaidia kumfahamu mwombaji. Hawakumwita hata kuhojiwa.

Sasa Corda anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko kwenye njia panda. Anawageuza vitandani, anawalisha, anawabadilisha. Baba yake hali yake si nzuri. Denver siku hizi anasema sentensi moja, anapumzika, ndipo anasema nyingine. Alitaka maneno yake yafike hapa, na haya ndiyo. "Nilimfundisha binti yangu asimwombe mtu kitu. Nilifikiri namfundisha heshima. Nimemfungia mlango."

Kila Alhamisi Corda anakwenda kwa Profesa Lindholm. Anakwenda na sare yake ya kazi, inanuka dawa ya sakafu. Mwanzoni, anasema profesa, walikaa kama watu wawili wanaongoja basi. Sasa wanazungumza. Mwaka huu ameomba tena. Jibu halijaja. Mimi siwezi kuwaambia litakuwaje, na sitaki mtu anipigie simu kuuliza.

Wasikilizaji wapendwa, kuna watakaosema sheria ya Mwalimu Haddix ilikuwa ya ukatili. Kuna watakaosema binti alikuwa na kiburi. Nimewasikia wote. Mimi nimelala nalo jambo hili mwaka mzima na sijaona mwenye nia mbaya hata mmoja. Mwalimu hakutaka kumdhalilisha. Binti hakutaka kumnyonya mgonjwa. Dada hakutaka kuingilia. Baba alitaka adabu. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, na kwa heshima hiyo yote wagonjwa wa Big Willow bado wanavuka mlima saa nzima kumfuata daktari.

Kwa hiyo Bi Gene, pole. Tunajua nyumba imekuwa kubwa. Tunajua unaenda kulala na maneno uliyoyaacha kwenye maganda ya viazi. Usijihukumu peke yako, maana huku sote tungemenya viazi. Kwa Denver Sizemore, pole kwa pumzi na pole kwa moyo. Kwa wale ishirini na saba, popote mlipo, poleni kwa kuondokewa na mtu aliyewaambia ukweli mbele ya macho yenu. Na Corda, binti yetu, leo uko zamu ya mchana na najua redio ya wazee iko wazi. Pole, mama. Pole sana.

Nina neno kwa wanafunzi. Nendeni kwa walimu wenu sasa, mwezi huu wa Oktoba, wakati hamna shida. Nendeni kwa zaidi ya mmoja. Mkae, mjulikane. Si kujipendekeza huko. Mtu hawezi kukusemea kama hakujui. Na kwa walimu, mkiona mtoto amesimama mlangoni na koti limefungwa vifungo vyote, msingoje sana.

Na kwa wengine wote, mnisikilize. Labda hapo ulipo kuna mtu unayetaka kumwomba kitu, na umenyamaza kwa sababu anaumwa, au ni mzee, au umeona aibu. Labda naye ameketi anangoja umwombe. Sisi hapa studio tutanyamaza dakika tano nzima, hatutapiga wimbo wala tangazo, ili usipate cha kukuzuia. Zima redio. Vaa koti. Nenda ukamwombe.